Mtungi wa poda umegoma, au moto umerudi: tafuta sababu kwa dalili

Malalamiko ya mitungi ya poda ya kuzimia moto hapa Tanga yanafanana, kuanzia maduka ya Ngamiani hadi mashua za mwalo wa Deep Sea. Nilibana hakikutoka kitu. Ilitoka kidogo ikakata. Mwali ulizima, nikageuka, ukawaka tena. Na karibu kila mlalamikaji humalizia hivi: lakini sindano ilikuwa kwenye kijani.

Sindano hiyo ya geji inapima msukumo wa upepo uliomo ndani ya mtungi, basi. Haijui kama poda ipo, kama imeganda, wala kama ni poda inayofaa moto uliokuwa mbele yako. Kesi nyingi zilizomo humu chini zinaanzia hapo.

Kama moto unawaka sasa hivi, weka simu chini baada ya kupiga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na utoe watu. Haya mengine yatakusubiri.

Poda inazima moto kwa njia gani

Ukijua hili, nusu ya dalili utazielewa mwenyewe. Wengi wanadhani poda inaufunika moto ukakosa hewa. Hiyo ni sehemu ndogo ya kazi yake. Ndani ya mwali kuna vipande vya molekuli vilivyo huru, hasa atomi za hidrojeni, na vingine vya oksijeni na hidrojeni vilivyoshikana. Kila kipande kikigonga mvuke wa mafuta huzaa vingine, navyo huzaa vingine, na mnyororo huo ndio mwali wenyewe. Chembe za poda zikiingia humo hupashwa moto na kutoa sodiamu au potasiamu, ambayo huvinasa vile vipande na kuviunganisha kabla havijazaa. Mnyororo ukikatika, mwali hupotea ghafla. Angalia neno hilo: mwali. Kilichokuwa kinaungua bado ni cha moto.

Poda za kawaida ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya baikaboneti, ya sodiamu au ya potasiamu, na lebo yake husomeka BC. Kwenye joto huvunjika ikatoa mvuke wa maji na kabonidayoksaidi, jambo linalosaidia kupoza. Ya potasiamu ina nguvu zaidi. Maabara ya jeshi la majini la Marekani ililionyesha hilo mwishoni mwa miaka ya 1950, na mpaka leo hutiwa rangi ya zambarau ili isichanganywe na nyingine. Aina ya pili ni amonia fosfeti, yenye lebo ya ABC, na mara nyingi ni ya njano. Hiyo huyeyuka kwenye nyuzi joto 190 hivi za Selsiasi, kisha huacha utando wa kunata juu ya makaa, hewa isiyafikie. Kwa mbao, karatasi na nguo, utando huo ndio unaofanya kazi, na poda ya BC haina utando huo.

A ni vitu vinavyoacha makaa, B ni mafuta na vimiminika, C ni gesi. Mtungi wenye lebo ya Kimarekani C yake ni umeme, kwa hiyo soma picha zilizochorwa pembeni, usisome herufi peke yake.

Poda zote hizi hupenda maji. Ndiyo maana kiwandani chembe huvikwa silikoni ili zisinyonye unyevu, na huongezewa vitu kama maika, talki au kalsiamu fosfeti ili zitiririke. Viongezwa hivyo ni kidogo sana kwa uzito, lakini vikishindwa, mtungi mzima unakuwa jiwe.

Dalili: unabana, hakitoki kitu

Anza na pini. Katika taharuki watu hubana mkono wakati pini bado imo, na kadiri unavyobana ndivyo pini inavyozidi kukwama. Legeza mkono, zungusha pini ikate sili ya plastiki, ivute, ndipo ubane.

Pili, tazama mdomo wa mpira. Nyigu wa udongo wanapenda tundu la ukubwa ule, hasa kwenye mitungi iliyotundikwa barazani na isiyoguswa mwaka mzima. Ondoa udongo kwa kijiti huku mkono wa kubania ukiwa na pini.

Tatu, poda imeganda. Hapa pwani hii ndiyo sababu inayonisumbua kuliko zote, kwa vile haionekani kwa nje. Mtikisiko wa bajaji au wa mashine ya boti huikandamiza poda chini ya mtungi mpaka ikawa tofali. Upepo unabaki juu, sindano inabaki kijani, na ukibana unasikia mshindo mfupi kisha kimya. Ukaguzi wake ni wa bure: pini ikiwa mahali pake, geuza mtungi kichwa chini, weka kiganja kwenye kitako, usikilize. Poda nzima utaisikia ikimiminika, na uzito utauona ukihama. Iliyokandamizwa haitoi sauti kwanza. Gonga kitako kwa nyundo ya mpira, geuza tena. Ikiachia, weka mazoea ya kuigeuza kila mwezi. Isipoachia, au ikianguka kwa mabonge, hiyo imeingia unyevu na haiponi kwa kugongwa. Hata ukifaulu kuisukuma nje, mabonge hupita katikati ya mwali bila kuukata, maana nguvu ya poda iko kwenye wingi wa chembe zake laini.

Unyevu umeingiaje kwenye mtungi uliofungwa? Mara nyingi uliingizwa na fundi. Mtungi unatakiwa kusukumwa kwa naitrojeni kavu. Wapo wanaoutia upepo wa kompresa ya kujazia tairi, na kompresa hiyo, kwa hewa ya Tanga wakati wa masika, hutema maji kila unapofungua koki yake ya chini. Muulize anayekujazia akuonyeshe mtungi wake wa naitrojeni. Asipokuwa nao, chukua mtungi wako uondoke.

Simama hapa: usifungue kichwa cha mtungi kwa spana ili uone poda. Ndani kuna bar 12 hadi 15, na tairi la gari dogo lina bar 2 na kitu tu. Kichwa kikiruka hakichagui pa kupiga. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye vifaa vya kutoa msukumo kwanza.

Dalili: sindano imeshuka na hakuna aliyeutumia

Kwa kawaida yupo aliyeutumia. Kijana wa dukani alibana kidogo tu ajaribu, au mlinzi aliwaonyesha wenzake. Ukishabana hata sekunde moja, chembe za poda hukaa kwenye kiti cha valvu, valvu haifungi tena sawasawa, na upepo unavuja polepole usiku kucha. Wiki ijayo sindano iko kwenye nyekundu na kila mtu anaapa hakugusa. Tazama mdomo wa mpira: vumbi la njano au jeupe humo ni ushahidi. Mtungi uliobanwa hata mara moja ni wa kujazwa upya. Usibanwe kwa majaribio, hata na mkaguzi.

Kama mpira ni safi, paka maji ya sabuni shingoni na kuzunguka geji. Mapovu yakitokea, oringi (pete ya mpira ya kuzuia kuvuja) imechoka au geji imelegea, na zote mbili ni kazi ya fundi. Usiikaze geji mwenyewe.

Sindano iliyopanda kupita kijani mara nyingi ni jua: mtungi ulikuwa ndani ya gari lililofungwa vioo. Usogeze kivulini usubiri upoe. Ukipoa na sindano ikabaki juu, kuna jambo jingine baya zaidi, nalo ni kuchanganywa kwa poda. ABC ni ya tindikali, BC ni ya magadi. Zikikutana na unyevu kidogo huchemkiana, zikatoa kabonidayoksaidi ndani ya chuma kilichofungwa, na poda yenyewe ikaganda. Hii hutokea kwa fundi anayemalizia poda iliyobaki kwenye ndoo bila kuuliza ni ipi. Mtungi wa namna hiyo usiutikise wala kuuegesha ndani. Uweke nje mbali na watu, upige simu Zimamoto.

Halafu kutu. Chumvi ya baharini inakula kitako kwanza, pale kwenye ukingo ambapo maji hutuama, na kwa sababu kitako hakionekani, huonekana siku ya mwisho. Laza mtungi, futa kwa kitambaa, pitisha ukucha. Kutu ya juu juu ya rangi inavumilika mpaka ukaguzi. Vishimo vinavyonasa ukucha havivumiliki, na hakuna kuchomelea: mtungi huo umefika mwisho. Kwa kanuni za Marekani za NFPA 10, mtungi wa poda hufunguliwa na kukaguliwa ndani kila miaka 6, na hupimwa kwa shinikizo la maji kila miaka 12. Mimi kwa mitungi ya botini nisingengoja muda huo.

Dalili: kijani ipo, mtungi mwepesi

Mama mmoja mwenye duka la vitambaa aliwahi kuniuliza, "Fundi, si kijani hii? Mbona unataka kuupima?" Nikamwambia, "Mama, kijani ni upepo tu. Tuulize mizani." Mizani ilikuwa ya jirani yake muuza mchele. Lebo ilitaja poda kilo 6, na uzito wa mtungi ukiwa umejaa ulikuwa umeandikwa chini yake kwa herufi ndogo. Mizani ilisimama chini ya uzito huo kwa zaidi ya kilo 2.

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko geji. Uzito kamili umeandikwa kwenye lebo au umegongwa kwenye chuma. Ukipungua kidogo sana, ni tofauti ya mizani. Ukipungua kwa kilo, ama mtungi ulitumika ukajazwa upepo bila poda, ama ulipakwa rangi upya na kubandikwa karatasi ya tarehe. Andika uzito kwa kalamu ya wino mzito ubavuni siku unapoununua, na upime kabla na baada ya kila kujazwa, fundi akiwa anakuona.

Uzito ukiwa sawa bado kuna swali la ubora. Poda ya ABC huuzwa ikiwa na asilimia tofauti za amonia fosfeti: ipo ya 40, ipo ya 90, na nafasi iliyobaki hujazwa zaidi na amonia salfeti, ambayo ni nafuu. Zote ni za njano, zote hutoka kwa kelele ileile. Asilimia imeandikwa kwenye gunia la poda, kwa hiyo omba kuliona gunia.

Dalili: mwali ulizima, kisha ukarudi

Hapa mtungi mara nyingi hauna kosa. Poda ilikata mwali kama ilivyotengenezwa kufanya, ila haikupoza kitu. Cha kujiuliza ni kimoja: kilichokuwa kinaungua kilikuwa nini?

*Mkonge, magodoro, mbao, mapumba.* Hii ndiyo inayoongoza katika mkoa wa mkonge. Moto kwenye singa (nyuzi za mkonge) zilizolundikwa, au kwenye chumba cha kupigia nyuzi brashi chenye vumbi lake, hukimbia juu kwanza kisha huzama. Poda ya BC itafuta mwali wa juu na kuacha makaa yakila ndani kwa ndani. ABC itaweka utando juu, lakini robota la kilo 250 lililokandwa kwa mashine lina ndani ambako poda haifiki kamwe. Unaona moshi mwembamba mweupe, unahisi ni wa kumalizikia, na saa chache baadaye ghala linawaka.

Dawa yake ni maji, na maji matupu nayo hupata shida, kwa sababu huteleza juu ya nyuzi kavu. Ndipo kiongezwa kinapoingia: sabuni maalumu ya zimamoto, chini ya asilimia moja ya maji, hupunguza mvutano wa uso wa maji yakazama kwenye nyuzi badala ya kuteleza. Kama huna hiyo, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ni bora kuliko maji matupu. Kata robota, lifumue likiwa nje, loweka kipande kwa kipande, na uache mtu wa kulinda usiku huo. Moto ukiwa ndani ya ghala lenyewe, usiingie kufumua chochote. Moshi wa ndani utakuangusha kabla hujaona mwali.

*Mafuta ya kukaangia.* Kibanda cha chipsi. Karai lililoshika moto lenyewe lina mafuta yaliyopita nyuzi 300, na chuma chake kinashikilia joto hilo. ABC huzima mwali, mafuta yanabaki na joto la kujiwasha, na dakika moja baadaye yanajiwasha. Tena ukipiga kwa karibu, msukumo wa poda unayarusha mafuta ukutani. BC ina afadhali kidogo kwa sababu magadi yake hugeuza sehemu ya mafuta kuwa sabuni. Mtungi wa haki kwa jikoni ni ule wa kimiminika chenye chumvi za potasiamu, lebo F au K: hutengeneza povu la sabuni juu ya mafuta, likayafunika na kuyapoza kwa pamoja. Kwa kibanda kisicho na huo, zima gesi, telezesha mfuniko wa chuma ukitokea upande wako, na usiufunue mpaka karai lishikike kwa mkono. Maji kamwe.

*Gesi ya mtungi.* Mwali wa gesi inayovuja usiuzime kwa poda kama huwezi kufunga valvu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Itatambaa chini, itajaa chumbani, na cheche ya friji itafanya yaliyobaki. Funga valvu, mwali utakufa wenyewe. Valvu haifikiki? Ondoka na watu wote, piga 114.

*Betri za lithiamu.* Pikipiki za umeme zimeanza kuingia na swali hili limeanza kuja. Betri iliyopata moto inajizalishia joto kwa ndani, na baadhi ya kemikali zake hutoa oksijeni yake yenyewe. Poda inazima miali ya nje kwa muda. Kinachohitajika ni maji mengi, kwa muda mrefu, kutoka mbali, na usivute moshi wake maana una sumu. Hii si kazi ya mwenye nyumba.

*Maranda ya metali ya magnesiamu karakanani.* Hapa ABC na maji vyote huzidisha moto. Kuna poda yake ya chumvi ya kawaida iliyotengenezwa kwa ajili ya metali, lebo D. Mchanga mkavu kabisa unaweza kuzuia moto mdogo usisambae. Mchanga wa ufukweni wenye unyevu, hapana.

Dalili: poda yote ilitoka, moto ukaendelea

Ulisimama vibaya, au moto ulikuwa mkubwa kuliko mtungi. Kilo 6 zinaisha kwa sekunde kumi na kitu, na za kilo 1 za kwenye gari kwa chini ya hapo. Simama mita 2 hadi 3, mgongo kwenye upepo, lenga kitako cha moto, fagia kushoto na kulia. Baharini nahodha ageuze chombo kwanza. Kusi likivuma usoni mwako, poda yote utaivaa wewe. Ukimaliza mtungi mmoja na moto haujapungua, usiende kuchukua wa pili. Toka.

Dalili: moto ulizimwa, wiki mbili baadaye kompyuta zinakufa

ABC ikikutana na unyevu wa hewa hugeuka tindikali inayokula shaba na alumini. Tenganisha umeme, fyonza au piga brashi poda ikiwa kavu, ndipo ufute kwa kitambaa chenye unyevu mdogo, yote haya ndani ya siku ileile. Ukianza na maji umeipikia tindikali. Vaa barakoa, na mwenye pumu asikae chumbani. Ofisi yenye mashine nyingi ingefaa kuwa na mtungi wa kabonidayoksaidi tangu mwanzo.

Dalili: makuti yalipakwa dawa, bado yanashika moto

Hili linawahusu wenye hoteli na migahawa ya ufukweni. Dawa za kuzuia makuti yasiwake, kwa sehemu kubwa, ni chumvi za fosfeti ya amonia au boraksi na asidi ya boriki. Fosfeti hufanya jani linapopata joto ligeuke mkaa na maji badala ya kutoa gesi ya kuwaka. Boraksi huyeyuka ikawa utando wa kioo. Kazi nzuri, ila zote huyeyuka kwenye maji. Masika moja ya nguvu, na upande wa paa unaopigwa na mvua umebaki makuti matupu huku upande wa ndani ukiwa mzima.

Wapo wanaojaribu kuokoa pesa kwa kunyunyizia mbolea. DAP kweli ni ya familia ya fosfeti. Lakini CAN ina naitreti, na naitreti huulisha moto oksijeni. Magunia ya mbolea dukani yanafanana, na paa si mahali pa kubahatisha.

Ukaguzi: chomoa ukuti mmoja upande unaopigwa na mvua na mmoja ndani ya kipaa. Vikaushe, uende navyo mbali na jengo, juu ya ndoo ya maji, na uweke kibiriti chini ya kila kimoja kwa sekunde kumi. Wenye dawa hujizima kibiriti kinapoondolewa na kuacha ncha nyeusi. Ukiendelea kuwaka, paa hilo linahitaji kupakwa upya na mtu anayeweza kukuonyesha jina la kemikali kwenye ndoo yake, na jiko la mkaa liondolewe chini ya paa hilo leo, kabla hajafika.